Kiharusi Kinahesabika, Kiharusi Kinazuilika

Mhadhara wa wazi kuhusu utafiti wa magonjwa ya mishipa ya damu ya ubongo



Naanza na takwimu. Mwaka 2000 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vifo uliofanywa katika maeneo matatu ya Tanzania: Dar es Salaam, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Vifo vyenyewe vilitokea kati ya mwaka 1992 na 1995. Watafiti waliwaangalia watu wa miaka 15 hadi 64, umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Dar es Salaam, kiharusi kilikuwa kinaua kila mwaka wanaume 65 kwa kila wanaume 100,000, na wanawake 88 kwa kila wanawake 100,000. Uingereza na Wales, katika umri huohuo, wanaume hawakufika 11 na wanawake hawakufika 9. Hata Morogoro Vijijini, eneo lenye viwango vya chini kuliko mengine mawili, wanaume walikuwa 35 na wanawake 27. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya Uingereza.

Kabla ya hapo, kiharusi kilisemwa sana kuwa ni ugonjwa wa nchi tajiri, ugonjwa wa wazee walioshiba. Wagonjwa wetu hawakuwamo katika maelezo hayo kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahesabu. Walikufa majumbani, wakazikwa, na sababu ya kifo ikabaki ni maneno ya msibani: alianguka ghafla, siku zake zilikuwa zimefika.

Hoja ninayowaletea ni fupi. Kila hatua iliyopigwa dhidi ya kiharusi ilianza pale mtu alipokataa kukiita ajali au kudra peke yake, akaamua kutazama, kupima na kuhesabu. Maarifa ya kukizuia tunayo, na sehemu yake nzuri imetoka katika vijiji na mitaa ya Afrika. Kilichobaki ni kuyafikisha kwa watu, na kazi ya kuyafikisha nayo ni utafiti, tena utafiti mgumu.

Kinachotokea kichwani

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna akiba ya kuishi nayo. Damu ikikatika kwenda sehemu yake mojawapo, chembe hai za sehemu hiyo huanza kufa ndani ya dakika chache. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu akaonyesha kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, mgonjwa asiyetibiwa hupoteza chembe za fahamu zipatazo milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita.

Damu hukatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshipa kuziba: bonge la damu limeganda papo hapo, au limetoka kwenye moyo au shingoni likasafiri hadi kukwama. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Duniani kote aina ya kwanza ndiyo inayopata watu wengi zaidi, ila ya pili huua haraka zaidi, na Afrika tunayo kwa wingi.

Kwa nje, mtu hawezi kuzitofautisha. Mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki: hizo ni dalili za zote mbili. Johann Jakob Wepfer, daktari wa mji wa Schaffhausen huko Uswisi, alichapisha mwaka 1658 kitabu cha uchunguzi wake wa maiti za watu walioanguka ghafla. Alikuta damu imemwagika ndani ya ubongo wa watu ambao hawakuwa wamepigwa wala kuumia kichwa. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, lakini ulihitaji mgonjwa afe kwanza. Kwa zaidi ya miaka 300 baada yake madaktari waliendelea kukisia.

Kukisia kulikoma tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Nataka vijana walioko hapa wakumbuke na jina la pili. Hesabu zinazowezesha kujenga picha ya aina hiyo zilikuwa zimefanyiwa kazi mapema na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, ambaye mwaka 1956 alikuwa akisaidia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979.

Ukiiangalia picha ya CT ya mgonjwa ambaye mshipa umepasuka, damu mbichi inaonekana nyeupe, imejitenga wazi na ubongo wa kijivu. Mshipa ukiwa umeziba, saa za mwanzo picha inaweza kuonekana kama ya mtu asiye na ugonjwa, na ile sehemu iliyokosa damu hubadilika kuwa nyeusi polepole kadiri saa zinavyokwenda. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Kitu kinachoyeyusha bonge kwa mgonjwa mmoja kinaweza kumuua mwenzake wa kitanda cha pili.

Shinikizo lililoitwa la kawaida

Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Shinikizo lake la damu lilikuwa 186 kwa 108. Miezi iliyofuata liliendelea kupanda. Wananchi waliambiwa kuwa Rais ana afya njema kwa mtu wa umri wake. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, alilalamika kichwa kinamuuma sana upande wa kisogo, akapoteza fahamu. Kipimo kilipita 300 kwa 190. Alikufa alasiri hiyohiyo kwa kupasuka mshipa wa ubongo, akiwa na miaka 63.

Naitaja habari hiyo kwa sababu mtu aliyekuwa na madaktari bora kuliko karibu kila mtu duniani alikufa kwa kitu kilichokuwa kimeandikwa kwenye faili lake. Namba walikuwa nayo, ila dawa madhubuti za kushusha presha zilikuwa bado hazijapatikana, na wataalamu wengi waliamini kwamba shinikizo kupanda na umri ni jambo la kawaida, huenda hata mwili unalihitaji.

Imani hiyo ilivunjwa kwa kuhesabu. Mwaka 1948, mji mdogo wa Framingham karibu na Boston ulikubali kufanyiwa uchunguzi. Wanaume na wanawake 5,209 waliokuwa na afya waliandikishwa, wakawa wanapimwa kila baada ya miaka miwili. Watafiti hawakuwapa dawa. Waliandika namba zao, wakasubiri kuona nani anaugua. Kufikia mwaka 1970, William Kannel na wenzake walikuwa na ushahidi wa kutosha kutamka kwamba shinikizo la damu ndilo mtangulizi mkuu wa kiharusi, kwa wanaume na kwa wanawake pia.

Je, likishushwa, kiharusi kinapungua? Edward Freis, daktari wa hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani, alijibu swali hilo mwaka 1967. Aliwachukua wanaume 143 wenye presha kali sana, nusu yao wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliokosa dawa walipata madhara makubwa 27, pamoja na viharusi na vifo. Waliopewa dawa walipata 2. Mwaka 1991 utafiti mwingine wa Marekani, uliokuwa na watu 4,736 wa miaka 60 na zaidi, ukaonyesha kuwa kushusha ile namba ya juu peke yake hupunguza viharusi kwa asilimia 36. Mzee anayeambiwa leo kwamba presha ya 170 ni uzee tu anaambiwa jambo lililokanushwa miaka mingi iliyopita.

Hai na Dar es Salaam

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo pana mengi ya kujifunza.

Kuhesabu kiharusi hospitalini ni rahisi, na matokeo yake ni ya uongo. Hospitali inamwona yule aliyefika. Aliyekufa usiku kijijini, aliyepelekwa kwa mganga, aliyekosa nauli, aliyepona nusu akakaa ndani: wote hao hawamo kwenye daftari la wodi. Njia ya kweli ni kuhesabu watu wote wa eneo, kisha kumtafuta kila aliyeugua.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika Hai na katika sehemu za Dar es Salaam kwa miaka mitatu kuanzia Juni 2003. Iliongozwa na Richard Walker kutoka kaskazini mwa Uingereza pamoja na Ferdinand Mugusi, Mark Swai, Eric Aris, Ahmed Jusabani na wenzao wa Tanzania. Wakazi waliohesabiwa Hai walikuwa 159,814, na Dar es Salaam 56,517. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba. Mtu aliyeshukiwa kupata kiharusi alifuatwa alipo, akachunguzwa. Aliyefariki kabla ya kuonwa, ndugu zake walihojiwa.

Mahojiano hayo na wafiwa yanahitaji subira. Mdadisi anakaa nao, anatoa pole kwanza, anasubiri wazungumze kwa maneno yao. Kisha anauliza: alianza kuugua lini? Ilikuja ghafla au polepole? Mkono na mguu vililegea upande mmoja? Aliweza kusema? Aliweza kumeza? Aliwahi kuambiwa ana presha? Majibu yanajazwa kwenye fomu, na madaktari ambao hawakuwapo wanaisoma na kuamua sababu ya kifo. Ushahidi mkubwa wa kiharusi katika nchi hii umejengwa juu ya kumbukumbu za akina mama na watoto waliouguza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na naomba tuyatazame taratibu. Ukichukua hesabu ghafi, Hai walipata wagonjwa wapya wapatao 95 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 108. Mtu angesema tofauti ni ndogo. Lakini Dar es Salaam imejaa vijana, na Hai ina wazee wengi, kwa kuwa vijana wake wamehamia mjini. Kiharusi hufuata umri, kwa hiyo mji wenye vijana wengi ulitarajiwa uwe na wagonjwa wachache mno. Watafiti waliposawazisha umri, kana kwamba maeneo yote mawili yana wazee na vijana kwa uwiano uleule, Hai ikawa 109 na Dar es Salaam ikawa 316. Ujana wa jiji ulikuwa unaficha balaa. Mkazi wa Dar es Salaam alikuwa katika hatari karibu mara tatu ya mwenzake wa Hai wa umri uleule.

Vijana wale sasa wanazeeka. Mtu aliyekuwa na miaka 30 utafiti ule ulipoanza amekwishapita 50. Hali ikiachwa kama ilivyokuwa, hatari iliyojificha nyuma ya ujana wao itaanza kuonekana katika wodi zetu.

Tunachokijua na tunachokiamini

Kwa nini watu waugue hivyo? Utafiti wa 2013 katika maeneo yaleyale uliwalinganisha wagonjwa na wakazi wenzao wasiougua. Waliougua walikuwa na shinikizo la damu zaidi, uvutaji sigara zaidi, kolesteroli yenye uwiano mbaya zaidi, historia ya ugonjwa wa moyo zaidi, na maambukizi ya VVU zaidi. Mwaka 2018 Mayowa Owolabi wa Ibadan na wenzake wa Nigeria na Ghana walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 2,118 na watu 2,118 wasiougua. Shinikizo la damu liliongoza kwa mbali. Yaliyofuata yalikuwa pamoja na kisukari, unene wa kiunoni, kuongeza chumvi mezani, msongo wa mawazo na kutofanya mazoezi. Waliokula mboga za majani mara kwa mara walikuwa na nafuu.

Ushahidi wa magharibi mwa Afrika, wa mashariki na wa ng'ambo unaelekeza mahali pamoja: presha. Na ugumu wa presha ni kwamba haiumi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima wa Ilala jijini Dar es Salaam na wa kijiji cha Shari kule Kilimanjaro. Takriban watu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu. Kati ya hao wenye shinikizo, waliojua kuwa wanalo hawakufika asilimia 20. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama asilimia 10. Waliokuwa wamedhibitiwa, yaani presha imeshuka chini ya 140 kwa 90, hawakufika asilimia 1.

Wagonjwa 100, na anayelindwa hafiki mmoja. Tangu hapo yapo maeneo yaliyopiga hatua, lakini ngazi hiyo ya kujua, kutibiwa na kudhibiti bado ndiyo tunayoporomokea katika nchi nyingi za ukanda wetu.

Kuna na suala la imani, ambalo napenda tulizungumze kwa heshima. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha walichoambiwa na wagonjwa, ndugu na waganga wa Hai na Dar es Salaam. Wengi wangetarajia kijijini ndiko wataje majini na uchawi, na mjini wataje presha. Ilikuwa kinyume. Hai walieleza kiharusi kwa presha, vyakula vya mafuta na mawazo, na hospitali ndiyo iliyokuwa chaguo la kwanza. Dar es Salaam wengi walikihusisha na majini na kurogwa, wakaanzia kwa waganga wa jadi, na wapo waliokwepa hospitali kwa kuhofia kwamba matibabu yake hayafai kwa ugonjwa wa namna hiyo.

Familia inayoamini hivyo haikosi akili. Mtu alikuwa mzima asubuhi, hana homa, hana jeraha, mchana hawezi kusema: anayeona hivyo anatafuta maelezo yanayolingana na ukubwa wa mshtuko. Sisi wa hospitali hatujampa maelezo mapema, kwa kuwa hatukumpima alipokuwa mzima. Hata sala na dua hazina ugomvi na hospitali. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa aombewe akiwa njiani kwenda hospitali, asicheleweshwe nyumbani.

Saa za mwanzo

Desemba 1995 taasisi ya taifa ya Marekani ya magonjwa ya fahamu ilitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya alteplezi, inayoyeyusha bonge la damu. Wagonjwa 624 waligawanywa makundi mawili, wote wakatibiwa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Baada ya miezi mitatu, waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki na ulemavu kidogo au kutobaki nao kabisa. Gharama yake ilijulikana pia: damu kuvuja ubongoni kwa takriban asilimia 6 yao. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya likasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 Waholanzi wakawa wa kwanza kuthibitisha kwamba bonge lililokwama katika mshipa mkubwa linaweza kuvutwa nje kwa waya unaopitishwa kutoka kwenye paja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza alteplezi katika orodha ya dawa muhimu kwa kutibu kiharusi.

Tiba hizi bado ni za hospitali chache katika nchi zetu, na ni wajibu wetu kuzidai. Lakini hata zitakapokuwapo, hazitamfaa anayefika siku ya pili. Kwa hiyo kila mtu ajue dalili. Mwambie acheke: je, uso umepinda? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie atamke sentensi: je, maneno yanavurugika? Likiwapo hata moja na limekuja ghafla, angalia saa, ikariri, mpeleke hospitali yenye uwezo wa kupiga picha ya kichwa. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, maana hujui kama mshipa umeziba au umepasuka.

Na wauguzi wetu nawaomba wasijione wadogo mbele ya dawa za bei kubwa. Majaribio yaliyokusanywa kutoka nchi nyingi yameonyesha kuwa wodi maalumu ya kiharusi huokoa maisha na kupunguza ulemavu, na kiini cha wodi hiyo ni uangalizi. Mgonjwa apimwe kumeza kwa maji kidogo kabla ya kulishwa, kwa sababu uji unaoingia mapafuni huleta nimonia. Ageuzwe kitandani asipate vidonda. Aketishwe na kuanza mazoezi mapema, hali yake ikiruhusu. Asemeshwe, hata kama hajibu. Paul Broca alionyesha Paris mwaka 1861 kwamba uwezo wa kutamka umeegemea sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu anaweza kuupoteza huo na akabaki anaelewa mengi. Tusimjadili mgonjwa mbele yake kama vile hayupo.

Watoto

Wako wagonjwa wa kiharusi wenye miaka mitano, na kwao presha haihusiki. Ni watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Chembe zao nyekundu hupinda, hushikamana na kuharibu kuta za mishipa mikubwa ya ubongo mpaka inakuwa myembamba.

Robert Adams wa Marekani aligundua namna ya kuwatambua kabla hawajaugua. Ukiubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji hutoka kwa kasi. Vivyo hivyo damu hukimbia kwenye mshipa uliobanwa. Kifaa cha mawimbi ya sauti kinawekwa pembeni mwa kichwa, juu kidogo ya shavu, bila sindano na bila maumivu, na kinasoma kasi hiyo. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Katika jaribio lake la watoto 130, lililochapishwa mwaka 1998, kuwaongezea damu mara kwa mara kulipunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 92. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake ili watoto wote wanufaike.

Kwetu, kumwongezea mtoto damu kila mwezi kwa miaka ni vigumu, kwa kuwa damu salama haitoshi. Hapo ndipo watafiti wa Afrika walipouliza swali lao. Mwaka 2019 jaribio lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale lilionyesha kwamba kidonge cha haidroksiurea kinaweza kutumika kwa usalama kwa watoto wa Afrika, na kwamba hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, Emmanuela Ambrose na wenzake wakakitumia kwa watoto waliopimwa kasi ya damu ya ubongo, na kasi ikashuka. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, Julie Makani na wenzake wamejenga kwa miaka mingi daftari la wagonjwa wa selimundu linalowezesha maswali ya namna hii kuulizwa. Mtoto aliyezaliwa Sengerema au Geita anaweza kukingwa kiharusi kwa kipimo na kidonge. Kumkosesha ni jambo ambalo halina tena udhuru wa kisayansi.

Utafiti uliobaki

Nimalizie na kazi iliyo mbele yetu.

Dawa ipi ya presha inawafaa Waafrika? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2019 na jaribio la wagonjwa 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Wagonjwa walipewa dawa mbili kwa pamoja, na michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule usio nayo. Amlodipini ni dawa ya kawaida, ya bei ya chini. Tatizo letu, basi, limehama kutoka kwenye dawa hadi kwenye njia ya kuifikisha.

Njia nazo zinaweza kujaribiwa. Los Angeles watafiti walizifuata saluni 52 za kunyolea, wakawakuta wanaume weusi 319 wenye presha ya juu. Katika kundi moja mfamasia alikuwa anakuja palepale saluni, anapima, anatoa dawa. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilishuka kwa 27, wakati wenzao waliopewa ushauri tu walishuka kwa 9. Huko Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka wahudumu wa afya wa vijijini waliopita majumbani walishusha presha za wagonjwa waliowatembelea. Karibu zaidi na sisi, utafiti uliohusisha jamii 32 za Kenya na Uganda ulipima VVU na presha kwa pamoja kwenye mikusanyiko ya kijiji, na udhibiti wa presha ukaongezeka.

Nchi iliyoweza kumfuatilia mgonjwa wa VVU kwa kadi, tarehe ya kurudi na mtu wa kumtafuta asipokuja inajua tayari namna ya kumfuatilia mwenye presha. Maswali yanayotungoja ni haya: kinyozi, muuza duka la dawa, kiongozi wa kikoba na mhudumu wa afya wa mtaa, nani kati yao atapima watu wengi zaidi, kwa usahihi, na kwa gharama gani? Mgonjwa akipewa dawa za miezi mitatu badala ya mmoja, ataacha kukatisha? Kijiji kikipunguza chumvi, presha itashuka kiasi gani? Nawaomba wanafunzi wayachukue maswali haya. Hayahitaji maabara ya mabilioni. Yanahitaji daftari safi, viatu imara na uaminifu wa kurudi katika nyumba ileile mwaka baada ya mwaka.

Serikali zetu naziomba mambo mawili. La kwanza ni daftari la kudumu la kiharusi katika mikoa, litakaloendelea hata mfadhili akiondoka, kwa kuwa utafiti wa Hai ulifungwa na takwimu zake zinazeeka. La pili ni kwamba dawa ya presha isikosekane zahanati hata wiki moja, kwani dawa inayokatikakatika humfundisha mgonjwa kwamba haina umuhimu.

Nanyi wananchi, nawaomba mpimwe vizuri. Kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, na upimwe mara mbili. Uliza namba zako, ziandike. Zikifika 140 kwa 90 kwa siku tofauti, anza matibabu na usiyaache unapojisikia vizuri, kwa sababu kujisikia vizuri ndiyo hali ya kawaida ya mwenye presha.

Wale waliojibu maswali ya wadadisi wakiwa katika msiba walitupa ushahidi huu bila malipo. Tumewahesabu ndugu zao waliokufa. Haki yao kwetu ni kuwafikia walio hai, nyumba kwa nyumba, kwa bidii ileile tuliyowafuata nayo wafu.